Kabla Mnunuzi wa Vyuma Hajafika

Pikapu ilizimika darajani, ikiwa imebeba maziwa, mbele ya macho ya nusu ya kijiji. Trekta la jirani liliikokota hadi uani kwetu, na kesho yake asubuhi shemeji yangu Asomiddin alikuwa amekwisha kumpigia simu mnunuzi wa vyuma. Hakunificha. Alisimama karibu na tanuri, bakuli la chai mkononi, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mvua.

"Bibi harusi, yule jamaa anakuja leo, baada ya sala ya adhuhuri. Anakuja na lori lake na mnyororo. Nimeongea na Davlat, amekubali."

"Amekubali nini hasa, shemeji?"

"Jamaa akifika akaikuta inawaka, inabaki. Akiikuta imelala, anaondoka nayo akaikate. Ukitaka haki zaidi ya hiyo, nenda kwa kadhi."

Davlat ni mume wangu. Yuko Urusi, anapiga lipu kwenye maghorofa, na Asomiddin ni kaka yake mkubwa, kwa hiyo neno la nyumba liko kwake. Pikapu yenyewe ni ya Kirusi, kijani iliyopauka, imezeeka kuliko mimi. Marehemu baba mkwe aliipata wakati shamba la ushirika lilipovunjwa. Tangu Davlat aondoke ninaiendesha mimi. Napanda vijiji vya juu, nakusanya maziwa ya wanawake wa huko, nayateremsha hadi barabara kuu ambako lori la kiwanda husubiri. Gari jingine halipandi huko, na nisipofika, maziwa yale huishia kuwa mtindi wa kukaushwa.

Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa bibi harusi na wakwe zake hata akiota mvi. Mimi nilikuwa bibi harusi wa nyumba ile kwa miaka kumi na moja: wa kwanza kuamka, wa kufagia ua, wa kumimina chai na kuondoka kinyumenyume ili nisiwape wakubwa mgongo. Jina langu ni Sabohat, lakini aliyekuwa akiliita ni Davlat peke yake, na wale wanawake wa juu. Pikapu ikienda kukatwa vipande, nami narudi kwenye birika. Hilo ndilo nililoliogopa, na sioni haya kulisema.

"Mpaka adhuhuri, basi," nikamwambia.

"Mpaka adhuhuri. Penye nia pana njia." Akanywa chai yake. "Ila penye gari bovu pana mteremko. Ukishindwa kabisa tutalisukuma lijiendee lenyewe."

Mama mkwe wangu, Mama Oyjamol, alikuwa ameinama kwenye tanuri akibandika mikate. Hakusema neno, na hilo lilinishangaza, kwa sababu kuhusu pikapu huwa hakosi neno. Kila nikiwasha gari husimama getini na kuniambia yaleyale: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, binti. Mwanamke kwenye usukani amejianika kwenye macho ya watu." Kwetu kijicho kinaogopwa kuliko genge la mlimani. Nilitegemea siku hiyo awe na furaha. Badala yake aliamka kabla yangu, akatia majani makavu ya hazorispand kwenye makaa, akaizunguka pikapu yote kwa ule moshi mchungu wa kufukuzia husuda. Nilipofungua mlango viti vilikuwa bado vinanuka. Nikasema moyoni, mama anafukiza maiti.

Alikuwa pia na tabia mpya, ya kupeleka mkono shingoni kila mara na kuurudisha. Hirizi yake ya fedha, aliyoivaa tangu ujana wake, ilimpotea majira ya kuchipua akikata majani ya ng'ombe. Tuliitafuta familia nzima kwenye ile nyasi, hatukuiona. Mkono ndio uliokuwa haujakubali.

Nikafungua boneti.

Davlat alinifundisha jambo moja katika yale majira ya baridi tuliyokaa pamoja juu ya injini hii, yeye akifungua, mimi nikimpa spana: usiguse nati kabla hujauliza swali. Gari likikataa kuwaka, limekosa ama petroli ama moto. Nikazungusha injini kwa hendeli mara chache, ili betri isichoke, nikanusa kabureta. Petroli ilijaa pua. Basi tatizo ni moto.

Nikawasha swichi, nikachomoa plagi moja, nikairudishia kofia yake ya waya, nikailaza juu ya chuma cha injini ili nione kama inatoa cheche.

"Shemeji, njoo unizungushie hendeli."

"Mimi?"

"Una kazi gani nyingine hapo, zaidi ya chai?"

Mama Oyjamol alikohoa ndani ya tanuri, na nadhani alikuwa anacheka. Asomiddin akaweka bakuli chini. Si mtu mbaya, msimchukie. Amechoka tu kuisukuma ile pikapu kila majira ya baridi, na amechoka kuulizwa msikitini kwa nini mke wa mdogo wake anaendesha gari wakati yeye ana punda. Alishika hendeli akazungusha kwa nguvu. Plagi ilibaki nyeusi, kimya.

Nikaenda hatua moja nyuma. Plagi hupata moto kutoka kwenye distributa, na distributa huupata kwa waya mnene unaotoka kwenye koili. Nikachomoa waya huo mnene, nikausogeza karibu na chuma. "Tena," nikasema. Akazungusha tena. Hakuna cheche hata ya kuwashia sigara. Kwa hiyo plagi nikazisamehe, na kifuniko cha distributa nacho nikakisamehe. Ugonjwa ulikuwa umeanzia nyuma yao.

"Imekufa," akasema Asomiddin, akijifuta jasho.

"Haijasema hivyo."

"Inasemaje?"

"Inasema uzungushe kimyakimya."

Nikatoa taa ya kupimia. Davlat aliitengeneza kwa balbu ya taa ya nyuma na nyaya mbili. Waya mmoja unaubana kwenye bodi ya gari, mwingine unagusa pale unapotaka kupauliza. Swichi ikiwa bado imewashwa, nikagusa upande wa koili unaopokea umeme wa betri. Balbu ikawaka vizuri. Basi betri nzima, swichi nzima, umeme unafika mlangoni mwa koili.

Nikagusa upande wa pili, ule wenye waya mwembamba unaokwenda kwenye pointi ndani ya distributa. Hapo ndipo penye siri yote. Injini ikizunguka, pointi hufunga na kufungua, na kila zinapofungua, koili hutupa cheche. Zikifunga, balbu huzima. Zikifungua, balbu huwaka. Inatakiwa ikonyezekonyeze. Asomiddin akazungusha hadi uso ukamwiva, na balbu haikuwaka hata mara moja.

Nikadhani ni pointi. Nikafungua distributa, nikazisugua kwa kipande cha msasa, nikazipima mwanya, nikazifuta kwa kitambaa. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mforosadi na mikate ilikuwa imekwisha kutoka tanurini. Tukazungusha. Giza lilelile. Nikapachika kipande cha karatasi kati ya pointi zenyewe ili zisigusane kwa namna yoyote, ndipo balbu iwake yenyewe hata bila kuzungusha. Haikuwaka. Hapo nilikuwa nimepoteza saa nzima ya asubuhi yangu kwa kitu kisicho na kosa.

Nikamtumia Davlat ujumbe wa sauti, nikamweleza yote. Jibu lilikuja na kelele za upepo na nyundo.

"Mke wangu, hiyo ni koili imekufa. Koili ya gari hilo huipati hapo bondeni, labda mji mkuu. Achana nayo, mwache jamaa aichukue. Nikirudi tutaona."

Asomiddin alikuwa amesikia kila neno. "Haya. Mwenye gari amesema."

"Mwenye gari yuko juu ya ghorofa," nikamjibu. "Mimi niko juu ya injini."

"Bibi harusi, kichwa chako kimetengenezwa na nini?"

"Muulize mama, ndiye aliyenichagua."

Mama Oyjamol akainua macho, akayarudisha kwenye unga. Mkono ukaenda shingoni.

Niseme kweli, nilikaribia kulia. "Nikirudi tutaona" ni maneno ya wanaume wote walio Urusi, na bondeni kwetu kuna nyumba ngapi zinazongoja kuona. Niliegemeza mkono juu ya koili ili ninyooshe mgongo, na nikauondoa haraka, kwa sababu koili ilikuwa ya moto sana. Nikabaki nikiutazama mkono wangu. Maiti huwa baridi. Koili iliyokatika ndani haipitishi umeme, na isiyopitisha umeme haipati joto. Hii ilikuwa inapitisha umeme bila kupumzika tangu niwashe swichi. Haikuwa imekufa hata kidogo. Kuna mahali umeme wake ulikuwa unavujia kwenye bodi, moja kwa moja, kama ndoo iliyotoboka.

Nikafungua ule waya mwembamba kwenye koili, nikagusa pale pake kwa taa ya kupimia. Balbu ikawaka, njano, nzuri.

"Davlat amekosea," nikasema.

Asomiddin akasogea. "Imepona?"

"Bado. Lakini koili haina neno."

Nikaurudisha waya kwenye koili, nikaenda upande wake wa pili, nikauchomoa kwenye distributa. Sasa waya ulishikwa na koili tu. Mwisho wake mwingine ulining'inia hewani, haugusi kitu. Kama waya ni mzima, balbu iwake. Nikagusa. Giza.

Nikasimama wima. Koili nzima. Pointi nzima. Katikati yao kulikuwa na kipande cha waya kisichozidi urefu wa mkono wangu, na hicho ndicho kilichokuwa kikimwaga moto wote njiani kabla haujafika. Kitu kidogo namna hiyo, kisha gari zima likakatwe.

Ule waya hupita nyuma ya betri pamoja na wenzake, wamefungwa fungu moja kwa utepe mweusi. Davlat hufunga vitu kama anayefunga goti la ng'ombe, kwa hiyo mle kuna manundu mengi, yote meusi kwa mafuta. Nikatoa betri. Asomiddin alikuwa mbele, ameketi juu ya ndoo karibu na hendeli, na boneti ilikuwa imetuziba. Nikapitisha vidole kwenye fungu, nundu baada ya nundu, nikafika kwenye moja lililokuwa gumu kuliko utepe. Lilikuwa na kona. Na lilifungwa kwa waya wa shaba mwembamba ambao si wa gari.

Nikakata ule waya, nikalivuta nje. Lilikuwa limeshonewa kitambaa cheusi. Nikapasua mshono kwa bisibisi, na ndani yake ikang'aa fedha: pembetatu ndogo yenye shanga moja ya buluu, na pengo la shanga nyingine iliyotoka zamani. Pengo lile nalijua. Nililiona siku ya kwanza nilipoingia nyumba ile, shela usoni, nikainamishwa mbele ya mama mkwe wangu, na kitu cha kwanza nilichokiona chini ya shela ni kifua chake na hirizi hiyo.

Sikuhitaji kuulizia zaidi. Ncha moja ya waya wa shaba ilikuwa imezungushwa kwenye fungu na kukazwa sana. Ncha nyingine ilikazwa kwenye boliti ya bodi, ili isianguke. Kila jiwe la njia ya juu lilikuwa likiutikisa ule waya, nao ukala mpira wa waya wa koili kidogokidogo, tangu majira ya kuchipua hadi jana. Darajani ukafika kwenye shaba yenyewe. Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki hakikutaka kunila.

Nikatazama tanurini. Mama Oyjamol alikuwa amesimama, mikono imejaa unga, ananitazama. Safari hii mkono ulifika shingoni na haukurudi.

"Umeona nini?" akauliza Asomiddin kutoka mbele.

Angeambiwa, angecheka. Na angecheka msikitini, na kabla ya jioni bonde zima lingejua kwamba Mama Oyjamol ameua gari kwa hirizi, na mama mkwe wangu ni mtu anayetembea kichwa juu. Nikaitia mfukoni.

"Waya umechubuka."

"Umechubuliwa na nini?"

"Na njia."

Nikazungushia pale palipochubuka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakaza kwa uzi, nikarudisha waya mahali pake na betri yake, nikaitoa ile karatasi kwenye pointi, nikafunga distributa na kurudisha ule waya mnene. "Zungusha, shemeji." Akazungusha akinung'unika, na balbu ikaanza kukonyeza: ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Plagi nayo ikatoa cheche ya buluu, na sauti yake kavu ninayoipenda. Asomiddin akaacha kunung'unika.

Adhana ikaadhiniwa. Akatazama pikapu, akanitazama mimi. "Sikuambii uache," akasema. "Lakini jamaa tutakutana naye msikitini, tutakuja pamoja." Akaenda kutawadha.

Nikarudisha plagi, nikaketi kwenye usukani, nikapiga stata. Injini ilizunguka bila kushika. Ilikuwa imelewa petroli ya asubuhi nzima. Nikakanyaga mafuta hadi chini, nikapiga tena. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikafa. Betri ilikuwa inaanza kuchoka na msikiti ulikuwa umenyamaza, maana yake wamesimama safu. Nikaisubiri. Nikamwambia Mungu kwamba mimi sijachoka. Nikapiga mara nyingine, ikakohoa kwa silinda moja, kisha mbili, kisha zote zikakubali, na ule ua ukatetemeka hadi kuku wakakimbia.

Mama Oyjamol alikuja dirishani na mikate miwili kwenye kitambaa. Injini ilikuwa inanguruma, hakuna ambaye angetusikia.

"Umeiona," akasema.

"Nimeiona, Mama."

"Ndiyo iliyoiua?"

Ningeweza kukataa. Lakini macho yake hayakuwa yanaomba uongo. "Si yenyewe. Waya wake. Ulikula mpira wa waya mwingine."

Akaushika mlango. "Niliikaza isianguke. Njia ile mbaya."

"Ulisema imepotea kwenye majani."

"Ulitaka niseme nini? Kila siku nakukataza, halafu watu wasikie nimeivua shingoni nikalivalisha gari?"

"Mbona hukunipa mimi?"

"Ungeivaa?"

Nisingeivaa, naye alijua.

"Ungesema mambo ya kizee," akasema. "Nilikuambia uache, hukuacha. Nikasema tena. Ukatoka siku ile ya theluji, ukarudi giza limeshaingia, na mimi nimesimama pale getini miguu imekufa ganzi. Nikajua huyu sitamzuia. Basi nikasema, kama simzuii, angalau asiende peke yake."

Tangu nishike usukani nilidhani yule mwanamke anasimama getini kulinda heshima ya nyumba. Alikuwa ananingoja. Nililia hapohapo, mikono ikiwa imejaa grisi, nikajipaka uso mzima.

Nikaitoa hirizi mfukoni, nikampa. Hakuipokea kwa kuivaa. Alinyofoa uzi mrefu kwenye pindo la kilemba chake, akaupitisha kwenye kipete cha hirizi, akasema, "Inama." Nikainama dirishani, akanifunga shingoni. Vidole vyake vilinuka mkate.

"Na gari, Mama? Tumelivua kinga yake."

"Gari lina breki, binti. Wewe ndiye huna. Nenda, maziwa ya jioni yanakaribia."

Kichochoro chetu ni chembamba, ukuta wa udongo huku na huku. Nilipotoka getini nikakuta lori la mnunuzi limeshaingia, limekijaza chote, mnyororo unaning'inia ubavuni, na Asomiddin ameketi karibu na dereva. Tukasimama uso kwa uso. Yule jamaa akapiga honi. Nami nikapiga yangu, ambayo ni mbovu na inalia kama ndama, na sikugusa gia ya kurudi nyuma.

Asomiddin akateremka. Akatembea hadi kwenye boneti ya pikapu, akaweka kiganja juu yake, akasikiliza injini kwa muda. Nilidhani atanikaripia mbele ya mgeni. Akageuka, akamwinulia yule jamaa mkono.

"Rudi nyuma, bwana."

"Tulikubaliana nije nichukue chuma," akasema jamaa, kichwa dirishani.

"Tulikubaliana ukikuta imelala. Umeikuta imelala?" Akaipiga boneti ya lori kwa kiganja. "Rudi, mpishe Sabohat. Watu wanamngoja na maziwa yao."

Lori likarudi nyuma polepole, mnyororo ukigonga ukuta, hadi barabarani. Nikapita.

Kule juu walikuwa wamekwisha kukata tamaa nami. Kila ua ulikuwa na sufuria ya maziwa motoni, yachemshwe yagandishwe mtindi. Waliposikia pikapu kwenye kona ya mwisho, wakayaepua.